Kivinjari Kikibadilika, Majaribio Nayo Yabadilike

Huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mkazi kupiga foleni sasa hupatikana kwa simu au kwenye kompyuta ya saiba. Tarehe 30 Juni 2023, Rais William Ruto alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen. Hapa mpakani, kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa Kenya na Uganda huhudumia watu chini ya paa moja, kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018. Leo hati za mizigo hupitia mifumo ya kompyuta ya nchi zote mbili: iCMS ya KRA upande wetu na ASYCUDA World ya URA upande wa Uganda.

Ukurasa wa huduma kama hizi ukikataa kufanya kazi, anayeumia ni mwananchi. Lori husimama Malaba huku ndizi zikiiva njiani. Mwenye duka Khunyangu hupitwa na siku ya kulipia leseni. Mzazi hurudi Funyula bila cheti alichofuata mjini. Si kila mara lawama ni ya mtandao hafifu au ya mwenye saiba. Wakati mwingine kivinjari, yaani programu kama Chrome au Firefox tunayofungulia tovuti, kimebadilika, na waliotengeneza ukurasa hawakuujaribu kwenye toleo jipya.

Majaribio hufanywaje?

Mfumo mzuri hujaribiwa kabla ya kumfikia mwananchi, na tena kila unaporekebishwa. Kwa kuwa kazi hiyo ni ndefu na ya kurudiarudia, mafundi huiachia programu maalumu. Programu hiyo hufungua ukurasa kama mtu, hujaza namba ya kitambulisho ya mfano, hubonyeza kitufe cha kutuma, kisha hukagua kama risiti imetoka. Inayotumiwa sana duniani ni Selenium, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago.

Programu ya majaribio haikigusi kivinjari moja kwa moja. Huhitaji kitu cha kuiunganisha nacho. Kinaweza kuwa programu-jalizi, yaani kipande kidogo kinachopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi, au kiendeshi, yaani programu ya katikati inayopokea amri na kuzifikisha kwenye kivinjari. Uhusiano wao ni kama wa ufunguo na kufuli. Fundi akibadilisha kufuli, ufunguo wa jana haufungui tena.

Kufuli hizi hubadilishwa mara kwa mara. Septemba 2021, Chrome ilianza kutoa toleo kubwa jipya kila baada ya wiki nne. Kiendeshi chake lazima kilingane na namba ya toleo la kivinjari, la sivyo hukataa kuanza.

Somo la mwaka 2017

Kwa miaka mingi mafundi walitumia Selenium IDE, programu-jalizi ya Firefox iliyorekodi hatua za mtumiaji na kuzirudia. Agosti 2017, Firefox 55 ilipotoka, programu-jalizi hiyo ikaacha kufanya kazi. Novemba mwaka huohuo Firefox 57 ikafungia nje programu-jalizi zote za muundo wa zamani. Selenium IDE ilibidi iandikwe upya.

Kabla ya hapo, Septemba 2015, Chrome ilikuwa imeacha kabisa kuendesha programu-jalizi za Java ndani yake, na Firefox ikafuata Machi 2017. Kurasa zilizotegemea Java ndani ya kivinjari zilibaki bila mlango.

Somo lake ni kwamba kifaa kilichofungwa kwenye viungo vya ndani vya kivinjari hufa viungo hivyo vinapobadilishwa. Kinachofuata kanuni iliyokubaliwa na wote hudumu zaidi. Ndiyo sababu Juni 2018 shirika la W3C, linalosimamia kanuni za wavuti, lilipitisha WebDriver kuwa kanuni rasmi ya kuendesha vivinjari kwa majaribio. Na tangu Novemba 2022, Selenium yenyewe inaweza kutafuta na kupakua kiendeshi kinacholingana na kivinjari kilichopo.

Hatari iliyojificha

Majaribio yakigoma, fundi aliyebanwa na kazi hushawishika kuzuia masasisho, ili kompyuta ya majaribio ibaki na kivinjari cha zamani. Hapo majaribio yote hufaulu na ripoti huwa safi, ilhali simu ya mkazi imeshajisasisha na fomu inamgomea. Majaribio yaliyofaulu kwenye kivinjari cha mwaka jana hayamlindi mwananchi wa leo.

Kinyume chake pia ni kweli. Kompyuta zenye Windows 7 haziwezi kupata Chrome mpya kuliko toleo la 109, lililotoka Januari 2023. Anayejaribu matoleo mapya pekee huwasahau wanaotumia mashine hizo.

Kwa hiyo ofisi au kampuni yoyote inayotengeneza tovuti ya huduma inafaa:

1. Kuandika orodha ya vivinjari, viendeshi na programu-jalizi inazotumia, pamoja na namba za matoleo, na kuipitia kila mwezi.
2. Kujaribu mfumo kwenye toleo la awali la kivinjari, linalotolewa kwa majaribio kabla ya lile la umma, ili hitilafu ionekane mapema.
3. Kujaribu kwenye simu pia, na kwenye toleo la zamani ambalo bado linatumiwa na wananchi.
4. Kutofautisha kuharibika kwa kifaa cha majaribio na kuharibika kwa huduma yenyewe. Jaribio likigoma, mtu afungue ukurasa kwa mkono na kuhakikisha.

Mkazi afanye nini?

Ruhusu kivinjari chako kijisasishe. Masasisho huziba pia mianya inayotumiwa na wezi wa mtandaoni. Sasisha kupitia duka la programu la simu au mipangilio ya kivinjari chenyewe, wala usibonyeze tangazo linalojitokeza likidai kivinjari chako kimepitwa na wakati.

Wenye saiba, ondoeni programu-jalizi msizozijua, kwa kuwa baadhi huweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye ukurasa, hata nenosiri la mteja. Mkiweza, wekeni vivinjari viwili tofauti. Kimoja kikikataa fomu, mteja ajaribu kwa kingine kabla ya kuondoka.

Huduma ikigoma, ripoti kwa ofisi inayohusika ukitaja mambo manne: jina la ukurasa, hatua uliyokwamia, saa, na toleo la kivinjari. Kwenye Chrome ya kompyuta, toleo huonekana ukibonyeza nukta tatu zilizo juu kulia, kisha Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome. Usitume nenosiri wala picha ya kitambulisho.

Ripoti inayosema tu kwamba mtandao umekataa humwacha fundi gizani. Yenye namba ya toleo humwezesha kufungua kivinjari kilekile, kuiona hitilafu kwa macho yake na kuirekebisha kabla haijamkwamisha mkazi mwingine.