Ngamia Hatukumfunga: Nasaha kwa Familia Zinazosafiri Kaskazini

Likizo ya Desemba inapokaribia, familia nyingi za Dodoma hufunga mizigo kwenda kuwatembelea jamaa Arusha na Moshi. Njia ni ile ya Kondoa na Babati. Lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na tangu hapo wengi wetu tumeiona safari hii kuwa nyepesi.

Nasi tuliiona hivyo. Mwaka mmoja tulitoka mjini baada ya Alasiri, garini mna watoto wanne na bibi yao. Tulipoipita Kondoa, giza likiingia, tairi lilipasuka. Tairi la akiba halikuwa na upepo, na maji yalikuwa chupa mbili tu. Wanakijiji wa Kirangi walitusitiri hadi asubuhi. Allah awalipe kheri. Dua ya safari tulikuwa tumeisoma, lakini ngamia hatukumfunga.

Kwa hiyo tunausiana haya.

Kwanza, ondokeni baada ya Alfajiri. Usiku njia hukatizwa na mifugo, na baiskeli zisizo na taa.

Pili, kagueni matairi yote matano na jeki. Chukueni dumu la maji la lita 20, mbali na maji ya kunywa. Desemba ni mwezi wa mvua: mkichepuka kwenye barabara ya vumbi mkakuta korongo limejaa, subirini lipungue.

Tatu, Sala. Mkishayapita majengo ya mji, rakaa nne hupunguzwa kuwa mbili, na Adhuhuri na Alasiri huweza kukusanywa. Magharibi hubaki tatu. Kibla huku ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Maji yakitosha kunywa tu, tayamamu ipo.

Nne, pumzikeni. Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni mahali pema pa watoto kunyoosha miguu na kujifunza.

Mwisho, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wasafiri wafikapo watatu wamteue amiri. Sisi tumejifunza kwamba amiri asiwe dereva, kwa kuwa dereva huona haya kukiri usingizi. Amiri akisema tusimame, gari na lisimame. Jamaa wanaowangoja wanataka mfike salama, hata kama ni kesho.