Chanjo ya Ndui na Jamaa Zake

Wazee wengi wa Thika na Ruiru wana kovu dogo la mviringo mkononi, ukumbusho wa siku walipochanjwa ndui. Watoto wao hawana kovu hilo. Ugonjwa wenyewe umekwisha kutoweka duniani, na kwa hiyo watu wengine hudhani ya kuwa kovu lile ni alama ya mambo yaliyopita tu. Sivyo. Chanjo ya ndui iliwalinda watu na maradhi zaidi ya moja, na yafaa kila mwenye nyumba aelewe jambo hili, maana lawahusu watoto wake na hata mifugo yake.

ASILI YA CHANJO

Daktari mmoja Mwingereza, Edward Jenner, alikuwa amesikia wakulima wakisema kwamba wakamuaji walioambukizwa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi utokao katika chuchu za ng'ombe na kushika mikono ya watu, hawapatwi na ndui kali ya binadamu. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua usaha kutoka katika mkono wa mkamuaji mmoja, akamchanja nao mtoto wa miaka minane, James Phipps. Baadaye alimchanja mtoto huyo kwa usaha wa ndui yenyewe, naye hakuugua.

Sababu yake ni kwamba virusi vya magonjwa hayo mawili ni vya ukoo mmoja. Mwili uliokwisha kupigana na kimoja hukitambua cha pili upesi, kama mlinzi wa shamba la kahawa aliyewahi kumkamata mwizi awezavyo kumjua nduguye kwa sura.

Kwa njia hiyo ndui ilishindwa. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizo ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977, naye akapona. Mwezi Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha, na kuchanja watu wote kukaachwa.

NDUGU ALIYEBAKI

Lakini katika ukoo ule alibaki ndugu mmoja, yaani ndui ya nyani, ambayo tangu mwaka 2022 huitwa mpox. Ilionekana kwanza kwa nyani wa maabara huko Copenhagen mwaka 1958. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nayo alikuwa mtoto mchanga wa miezi tisa huko Basankusu, Kongo, mwaka 1970. Katika jamaa yake, yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajachanjwa ndui. Uchunguzi uliofanywa Kongo katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba chanjo ya ndui ilizuia ugonjwa huu kwa kadiri ya asilimia 85.

Chanjo ilipoachwa, kinga hiyo nayo ikaachwa. Kila mwaka idadi ya watu wasiokuwa na kinga iliongezeka. Mwaka 2023 aina mpya ya mpox ilizuka Kamituga, mashariki ya Kongo, ikasafiri pamoja na watu katika njia za biashara. Tarehe 31 Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyegunduliwa mpakani Taveta.

MFANO WA MIFUGO

Mfugaji asistaajabu kwa habari hizi, kwa kuwa anayo mithali yake zizini. Ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe uliingia Kenya mwaka 1957. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya ndui ya kondoo na ya mbuzi. Wataalamu wa mifugo wa Kenya walijaribu virusi vya ndui ya kondoo, wakaona ya kuwa ng'ombe aliyechanjwa kwa hivyo hukingwa na mapele. Kwa hiyo ng'ombe wa Kenya walilindwa kwa msaada wa kondoo, kama vile watu walivyolindwa kwa msaada wa ng'ombe.

Hata hivyo, kufanana kwa vipele si udugu. Mwaka 1957 na tena mwaka 1962 watu wa kando ya Mto Tana walishikwa na homa na vipele vichache, na ugonjwa huo ukapewa jina la mto huo. Maji ya Chania yapitayo Thika huishia katika Tana, lakini ugonjwa wa Tana si wa ukoo wa karibu na ndui, na chanjo ya ndui haiuzuii. Tetekuwanga nayo si jamaa ya ndui hata kidogo, ingawa wengi huzichanganya.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, kila mtu atazame vizuri kovu lake. Vijana wengi wana kovu la chanjo ya kifua kikuu, ambalo halina kinga yoyote juu ya mpox. Na mzee mwenye kovu la ndui asijione kuwa salama kabisa, kwa sababu kinga hupungua kwa miaka.

Pili, mwenye homa, tezi zilizovimba na vipele asijitibu nyumbani wala asilale kitanda kimoja na wengine. Aende hospitali ya Thika au ya Ruiru apimwe, maana jicho peke yake haliwezi kutenganisha mpox na tetekuwanga.

Tatu, chanjo mpya ya ndui ipo. Imetengenezwa kwa virusi vilivyodhoofishwa hata visiweze kuzaana mwilini mwa mtu, nayo hudungwa mara mbili, wiki nne zikipita katikati. Haikusudiwi watu wote, bali walio karibu na hatari, kama waganga na waliogusana na mgonjwa. Anayeitwa kuchanjwa asikatae.

Na mfugaji achanje ng'ombe wake kabla mapele hayajafika kwa jirani, kwa kuwa inzi na mbu waumao ndio wayaenezao. Mapele hayo hayaambukizi watu, lakini hupunguza maziwa na kuharibu ngozi, na hasara hiyo huingia katika karo ya watoto.