Protini za Kinga au Protini Zuizi?

Tarehe 20 Januari, 2025, ilitangazwa kuwa ugonjwa wa Marburg umezuka wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa na maabara na wengine 8 kudhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki dunia. Nyakati kama hizo mwalimu wa afya wa Biharamulo, au wa Ngara iliyo jirani, hufafanua kwa Kiswahili mambo ambayo wasikilizaji huyajadili tena nyumbani kwa Kisubi au Kihangaza. Hapana budi istilahi anazopewa ziwe imara.

Tunazungumzia hapa protini zilizomo katika utando wa seli za binadamu, ambazo huzuia virusi. Jina lijalo upesi ulimini ni “protini za kinga”. Sisi hatuliafiki. Neno kinga limekwisha elemewa: chanjo ni kinga, na glavu pia ni kifaa cha kinga. Aambiwaye kuwa mwili wake una protini za kinga aweza kudhani hana haja ya kuogopa kumwosha maiti kwa mikono mitupu, na hali hadi mwaka 2025 Marburg haikuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa.

Tutazame umbo la protini hizo, kwani ndilo litupalo jina. Tetherini, ambayo kazi yake ilibainishwa mwaka 2008, imeshikamana na utando kwa ncha zake mbili, na sehemu yake ndefu ya katikati iko nje ya seli. Hukaa mbili mbili, zimeshikana. Virusi vinapochomoza vikijivika utando wa seli, ncha za upande mmoja hubaki katika seli na za upande wa pili hunasa katika virusi. Mfugaji wa Ngara afungaye mbuzi kigingini ataelewa mara moja: mbuzi ameondoka, lakini hakufika mbali.

Protini iitwayo IFITM3 ni tofauti. Kipande chake kimoja huuvuka utando. Kingine hulala ndani yake bila kutokea upande wa pili, na huukaza hata virusi vikashindwa kuungana nao. Basi ya kwanza huzuia kutoka, ya pili kuingia.

Tunapendekeza “protini zuizi za utando”. Kizuizi hakiahidi ushindi. Wasafiri wa njia ya Lusahunga hadi Rusumo wanajua kuwa kizuizi cha barabarani huvukwa. Ndivyo ilivyo kwa Marburg: maabarani tetherini ilinasa chembe zilizoundwa kwa protini moja tu ya virusi hivyo, lakini virusi kamili viliponyoka.

Wako wapendao “kiwambo” badala ya utando. Lakini kiwambo ni ngozi iliyokazwa, kama ya ngoma, na utando wa seli ni laini, karibu na ule wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Tetherini lenyewe tungeliacha lilivyo, likifafanuliwa kwa kamba na kigingi.