Droni ni Habari ya Jokofu

Droni ya tiba ikitajwa, wengi wetu huona picha ya Muhanga, Rwanda: kindege cha mabawa kinarushwa na mtambo ulio kama manati, kinapita juu ya vilima kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kinadondosha boksi la damu lenye mwavuli wa karatasi kwenye uwanja wa hospitali, kisha kinageuza bila kutua. Kampuni ya Zipline na serikali ya Rwanda walianza kazi hiyo Oktoba 2016, na picha hiyo imezunguka dunia nzima. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet Global Health mna takwimu mbili ambazo haziendani nayo. Kati ya Machi 2017 na Desemba 2019, droni zilipeleka oda 12,733 za damu kwenye vituo 20, na za dharura zilikuwa asilimia 43 tu. Zaidi ya nusu, basi, ilikuwa kazi ya kawaida ya kila siku. Na miezi kumi na miwili baada ya droni kuanza, damu inayoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67.

Atakayeielewa takwimu hiyo ya pili kabla ya waziri na kabla ya rubani ni mtaalamu wa maabara wa hospitali ya wilaya, yule mwenye dhamana ya jokofu la damu. Chembe nyekundu hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 6, na uhai wake ni siku 35 hadi 42 kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Chembe sahani ni mtihani mkubwa zaidi: siku tano, tena zikitikiswa usiku na mchana, na wilayani ni nadra mtu kuthubutu kuziweka. Kwa hiyo mtaalamu huyu anaishi na kalenda. Akiagiza uniti mbili za kundi O hasi, ambalo kwetu ni adimu, mwezi unaweza kupita asije hata mgonjwa mmoja wa kuzihitaji. Asipoagiza, usiku huo huo anaweza kuletwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na hali hiyo ikiachwa huweza kuua ndani ya saa mbili. Mwenye akili timamu hapo anaweka akiba ya woga. Hospitali ya jirani nayo inaweka yake, na ya tatu vilevile, mpaka inafika siku damu ya kundi fulani inazeeka kwenye jokofu moja wakati kilomita sitini kutoka hapo ndugu wa mgonjwa wanaambiwa wakatafute watu wa kujitolea. Mwisho wake, damu aliyoitoa mwanafunzi wa sekondari kwa mkono wake mwenyewe inaishia kwenye tanuri la taka za hospitali. Hakuna aliyezembea. Kila mmoja amepiga hesabu sahihi kwa jokofu lake.

Droni inapokuwa na uhakika wa kufika ndani ya saa moja, hesabu hiyo inageuka. Kundi adimu linaweza kukaa sehemu moja likisubiri wilaya zote kwa pamoja, na jokofu la hospitali likabaki na kiasi cha kuanzia tu, kama duka la rejareja lililo jirani na ghala. Kwa maoni yangu hapo ndipo faida kubwa ilipo. Mwendo kasi ni njia ya kuifikia.

Wapo wanaosema fedha za droni zingenunua magari ya wagonjwa na kutengeneza barabara, na hoja yao ina uzito. Utafiti ule ule unaonyesha kwamba wastani wa safari ya droni ulikuwa dakika 49.6, pungufu kwa dakika 79 kuliko makadirio ya barabarani. Ila ukienda kituo kwa kituo, nafuu hiyo ilianzia dakika 3 hadi kufikia 211. Kituo cha dakika tatu kina haja gani na droni? Pikipiki inatosha. Huko Ghana, Desemba 2018, chama cha madaktari kilitaka mkataba wa droni usitishwe kwanza, na madaktari hawakuwa wanaogopa teknolojia. Droni haitoi damu, haipimi makundi, haimwekei mgonjwa sindano. Pasipo wachangiaji, vitendanishi na mtu wa zamu maabara, inabeba boksi tupu. Pamoja na hayo, hoja yao inaichukulia droni kama gari la wagonjwa lenye mabawa. Iwekwe kwenye mizani ya damu inayotupwa na ya wagonjwa wanaokosa kundi lao, na mjadala utachukua sura nyingine. Nakiri mizani yenyewe haijakamilika: watafiti walipima muda na damu iliyoharibika, hawakuhesabu vifo.

Kwa mtazamo huu, yaliyotokea Ukerewe, kisiwa cha Tanzania katika Ziwa Victoria, mwaka 2018 yanasomeka vingine. Droni ya Wingcopter, katika mradi wa DHL na shirika la Ujerumani la GIZ, ilivuka kutoka bara hadi kisiwani, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Njia ya nchi kavu ni kilomita 240 na inakula saa sita. Majaribio yalidumu miezi sita, jumla kilomita 2,200, na yakaitwa mafanikio. Kwamba chombo kinaruka, yalithibitisha. Lakini hakuna mtaalamu wa maabara atakayepunguza akiba yake kwa kukitegemea chombo chenye tarehe ya kuondoka, na bila yeye kuipunguza faida kubwa haiwezi kuonekana kwenye ripoti yoyote. Aina hii ya huduma haijaribiki kwa miezi sita. Inahitaji kuzoeleka hadi ichoshe.

Majanga yanasema hayo hayo: huduma lazima iwe imezoeleka kabla ya siku yenyewe. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, taasisi ya majanga ya Msumbiji ilikuwa tayari na watu wake waliofundishwa kurusha droni kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na wakaanza kupiga picha za mitaa iliyoharibika. Visiwa vya Zanzibar navyo vilipigwa picha za ramani kwa droni, na vijana wa hapo hapo wakiwa kazini. Mafuriko hayamsubiri mgeni apate kibali cha anga.

Linabaki swali ambalo sijaona likijibiwa hadharani. Hospitali ikishapunguza akiba yake kwa kuamini droni, uamuzi wa kuendelea umetoka mikononi mwake na kwenda kwa mwenye mkataba, ambaye mara nyingi ni kampuni moja ya kigeni inayolipwa kwa sehemu na wafadhili. Mkataba ukiisha, au wiki ya dhoruba ikifunga anga, nani amepewa jukumu la kulijaza tena jokofu lile, na kwa fungu lipi?