GU JUN-PYO: ALIKUWA NA KILA KITU ILA ADABU!

Ukitaka kuwagombanisha mashabiki wa tamthilia za Kikorea wala usihangaike kutafuta fitina ya mbali. Wakute wamekaa wawili watatu, watupie swali moja tu: "Hivi wewe ungemchukua nani, Jun-pyo au Ji-hoo?" Halafu sogea pembeni uangalie kasheshe.

Swali hilo limetokana na Boys Over Flowers, tamthilia ya Korea Kusini iliyorushwa na kituo cha KBS2 kuanzia Januari 5 hadi Machi 31, 2009, sehemu 25 kwa jumla. Tangu hapo zimekuja tamthilia chungu nzima, zingine zimeigizwa vizuri kuliko hiyo, lakini ubishi wa Jun-pyo na Ji-hoo haujaisha mpaka leo.

Mimi ni mshabiki wa damu na sifichi, niko upande wa Jun-pyo. Ila nina neno. Naona kina dada wengi wanampenda kijana yule kwa sababu ambayo siyo, na sababu hiyo mtu akiibeba kwenda nayo kwenye maisha yake itamtoa machozi.

BINTI WA DOBI, SHULE YA VIBOSILE

Kwa wale ambao hawajaiona, mambo yako hivi. Geum Jan-di (Ku Hye-sun) ni binti wa dobi. Siku moja anapeleka nguo katika shule ya Shinhwa, shule ya watoto wa vigogo watupu. Juu ya paa anamkuta mwanafunzi aliyechoshwa na mateso ya wenzake, yuko tayari kujirusha. Jan-di anamuokoa. Habari zinazagaa, wananchi wanakuja juu, na wenye shule wanaona dawa ya kupooza moto ni kumpa binti huyo nafasi ya kusoma bure kama muogeleaji.

Huko ndani anakutana na vijana wanne wanaojiita F4. Kinara wao ni Gu Jun-pyo (Lee Min-ho), mrithi wa kampuni yenye shule hiyo, nywele kazisokota, mapesa ya kumwaga. Yupo Yoon Ji-hoo (Kim Hyun-joong), mpole, mpiga fidla, mjukuu wa rais wa zamani. Wengine ni So Yi-jung mfinyanzi (Kim Bum) na Song Woo-bin (Kim Joon). Ukiwaudhi hawa, asubuhi unakuta kadi nyekundu kwenye kabati lako. Hiyo ni ruhusa kwa shule nzima kukutesa.

Jan-di alipewa kadi yake kwa kumtetea rafiki. Akamwagiwa mayai na unga mbele za watu. Akavumilia, akavumilia, mwisho uzalendo ukamshinda, akamfuata Jun-pyo na kumtandika teke. Jamaa, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia "hapana", akamzimia palepale!

TUSIDANGANYANE

Sasa hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu. Wengi husema, "Unaona? Alikuwa anamtesa kwa sababu anampenda." Thubutu! Jun-pyo alimtesa Jan-di kwa sababu alizoea kutesa watu. Mapenzi yalikuja baadaye, na yalimkuta akiwa bado hajui kupenda.

Kumbukeni alivyotongoza mara ya kwanza. Alituma watu wakamchukua binti wa watu, wakamfikisha kwenye jumba lake, wakamkandakanda, wakampamba na kumvika vitu vya bei mbaya. Yeye akijua kazi imekwisha. Jan-di akamwambia hauzwi, akajiondokea zake. Pale ndipo tamthilia ilipoanza hasa. Kijana aligundua kwamba kuna kitu hapa duniani ambacho pesa ya baba haikinunui.

Na mateso yale hayakupita bure. Kaka wa yule mwanafunzi wa juu ya paa alirudi kulipa kisasi. Alimteka Jan-di ili ampate Jun-pyo. Safari hii mbabe wetu alikubali kupigwa bila kurudisha ngumi, na Jan-di alijitupa juu yake akapokea pigo la kiti begani. Bega likaharibika, na ndoto yake ya kuogelea kwenye mashindano ikafia hapo. Tafakari kidogo. Kadi nyekundu aliyoitoa Jun-pyo kwa utani ilizunguka wee, mwisho ikamwangukia mwanamke anayempenda.

KILICHOMPA USHINDI

Kwa nini basi niko naye? Kwa sababu alibadilika, na tulimuona akibadilika. Kijana aliyezoea kusubiriwa alikwenda mnara wa Namsan, Seoul, akasimama kwenye theluji kwa saa kadhaa akimngoja binti wa dobi, bila hata uhakika kama angetokea. Hapo hakutoa hata senti moja, alitoa muda wake na kiburi chake. Kwa tajiri hivyo viwili ndivyo vigumu kutoa.

Ji-hoo nampa heshima zake. Ni mstaarabu, anajua kusikiliza, na kila Jan-di alipolia yeye alikuwepo na kitambaa. Lakini Ji-hoo alikuwa hivyo tangu mwanzo, tena mwanzoni moyo wake ulikuwa kwa mwanamitindo Seo-hyun. Jan-di hakulazimika kumfundisha kitu.

Halafu kuna mama mkwe! Kang Hee-soo, mama yake Jun-pyo, ni mwanamke ambaye akiingia sebuleni kwa watu hata kikombe cha chai kinaogopa. Alikwenda na mapesa ili familia ya dobi imng'oe binti yao kwa mwanawe. Njaa wanayo, madeni wanayo, na bado Jan-di hakukubali kuuzwa.

WAHENGA WA KIJAPANI

Hadithi hii asili yake si Korea. Ilianzia Japani mwaka 1992, kwenye jarida la wasichana liitwalo Margaret, kama hadithi ya katuni, zile ambazo Wajapani huziita manga. Mtunzi wake ni mwanamama Yoko Kamio, na aliipa jina Hana Yori Dango. Taiwan waliifanya tamthilia ya televisheni mwaka 2001 wakaiita Meteor Garden, Wajapani wenyewe wakafuata 2005, Korea 2009, na China 2018.

Jina lenyewe ni mchezo wa maneno. Wajapani wana methali isemayo bora tonge kuliko maua, maana yake kitu cha kushibisha kinashinda kitu cha kupendeza macho. Kamio aliandika neno hilo la "tonge" kwa herufi zenye maana ya "wavulana". Na sisi waswahili tunalo la kwetu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. F4 walikuwa mikakasi minne. Jan-di ndiye aliyewafungua vifuniko akauliza ndani kuna nini.

Na mwisho wake ndio ninaoupenda kuliko yote. Jun-pyo alikwenda Marekani kikazi miaka minne, na Jan-di hakukaa dirishani kumlilia. Alibaki Korea akasomea udaktari, kazi aliyoipenda alipokuwa akisaidia kwenye zahanati ya babu yake Ji-hoo. Jun-pyo aliporudi na helikopta kuja kuchumbia, alimkuta mwanamke mwenye njia yake.

Kwa hiyo dada yangu, ukitaka Jun-pyo wako, mtake yule wa kwenye theluji. Yule wa kadi nyekundu, anayekudhalilisha mbele za watu halafu usiku anakuletea mkufu, huyo hajakupenda bado, na huenda asikupende kamwe. Usimsubiri abadilike huku ukiendelea kupigwa mayai. Jan-di alitoa teke kwanza, mapenzi yakafuata.

Kwa wiki hii naishia hapo. Timu Ji-hoo, najua mmenuna!