Je, kompyuta ya kesho itaijua kahawa ya bibi?

Wewe uliyekaa hapo intaneti kafe unahesabu dakika zako, niazime tano tu.

Majuzi nilikuwa kwa bibi, huku huku kwetu Sanya Juu. Akanionyesha mibuni yake. Ukigeuza majani, chini kuna unga wa rangi ya chungwa. Akaniambia, "Baba, hebu uliza hiyo simu yako." Nikafungua programu moja ya akili bandia, nikaandika swali kwa Kiswahili. Jibu likaja fasta, tena Kiswahili kimenyooka kuliko changu mimi wa form four: mibuni imekosa mbolea, nunua uweke.

Bibi akaanza kufungua fundo la kanga atoe hela. Bahati nzuri bwana shamba akapita. Akageuza jani moja tu, akasema, "Mama, hii ni kutu ya majani." Yaani ugonjwa wa fangasi, na mbolea haiui fangasi. Hela ya bibi ilikuwa inapotea hivi hivi.

Sasa jamani, mashine iliyosoma maandishi ya dunia nzima inakosaje kitu kama hicho?

Iko hivi. Mimi nikisema "haraka haraka haina...", wewe unamalizia "baraka". Hukufikiri, umesikia mara nyingi. Programu hizi zinafanya kitu kinachofanana na hicho: zimesomeshwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani huwa linafuata lipi. Penye maandishi kibao zinapatia sana. Penye maandishi machache zinabahatisha, na ubaya wake zinabahatisha kwa kujiamini. Kiingereza kina kurasa nyingi sana kwenye intaneti. Kiswahili kina chache, na za mibuni ya mlimani ndiyo chache zaidi.

Wengi tunadhani kesho ya kompyuta ni mashine yenye kasi zaidi. Historia yetu haisemi hivyo. Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza bila kibali. Marufuku ilipokuja kulegezwa, tukakuta zinaongea Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Bado intaneti ilikuwa ghali, tunategemea setilaiti, mpaka Julai 2009 mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulipoanza kazi Dar.

Umeona? Kwanza tulikwama kwenye kibali, halafu lugha, halafu njia. Kasi ya mashine haikuwa ishu yetu kubwa. Sasa tumefika kwenye kufuli jingine: maarifa yetu yenyewe hayajaandikwa kwa lugha yetu.

Na maarifa yapo. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo, imezalisha aina za kahawa zinazostahimili kutu na chulebuni. Bwana shamba anajua. Bibi mwenyewe anajua mengi kuhusu kihamba chake. Lakini mengi ya hayo yako kichwani, mdomoni, au kwenye ripoti za Kiingereza. Mashine haiwezi kusoma kilicho kichwani mwa bibi.

Kuna mdau atasema, "Wewe unataka tuwalimie matajiri wa Marekani bure?" Swali la haki, hata mimi linaniuma. Ila fikiria hivi: tusipoandika, mashine haitanyamaza. Itaendelea kumjibu bibi, kwa kubahatisha. Na tukiandika, anayefaidika wa kwanza ni jirani anayesoma Kiswahili, mashine baadaye.

Mimi nimeanza. Nina daftari, namuuliza bibi na bwana shamba, naandika kwa Kiswahili cha kawaida: ugonjwa unaitwaje, unaanzia wapi, unafanywaje. Halafu nachapa na kuweka mtandaoni. Na ushauri wa simu sasa lazima tumuulize bwana shamba kabla hela haijatoka kwenye kanga.

Je, huko kwenu kuna kitu gani ambacho simu haikijui? Tiririkeni hapo chini.

Naomba kuwasilisha.