Spea za Seiko: ipi orijino, ipi mbadala, ipi feki

Mshale wa sekunde wa saa yenye mashine ya Seiko 7S26 hupiga hatua 6 kila sekunde. Kwa saa moja ni hatua 21,600, kwa siku 518,400, na kwa mwaka zaidi ya milioni 189. Kiwango cha kiwandani kinairuhusu iende mbele hadi sekunde 40 kwa siku, au ibaki nyuma 20. Utaona nyingi, lakini siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo hata hizo 40 ni sehemu moja katika 2,160. Spea yoyote utakayoitia humo lazima ihimili kazi hiyo.

Spea orijino imetoka Seiko. Mbadala imetengenezwa na kampuni nyingine kwa vipimo vya Seiko, ikauzwa bila kujiita Seiko. Feki imeandikwa Seiko na Seiko hawaijui. Ubora haumo katika hesabu hii, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea. Chukua kioo cha SKX007, saa ya kuzamia yenye mashine hiyohiyo: kipenyo chake ni milimita 31.5. Kioo mbadala cha yakuti ya kiwandani hufikia 9 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ilhali kioo cha madini cha kawaida huwa 5 au 6. Mbadala hapo anamshinda mwenye nyumba kwa kutochubuka, na ni halali kabisa. Lakini uso mpya unaong'aa, uliochapwa neno Seiko katika karakana isiyohusiana na Seiko, ni feki hata ungekuwa mzuri kiasi gani.

Mbadala halali nayo ina gharama zake. SKX007 imeandikwa mita 200, na kanuni ya ISO 6425 hutaka saa ya kuzamia ijaribiwe kwa shinikizo lililozidi kwa asilimia 25, yaani sawa na mita 250. Ukishabadilisha kioo na mpira wake, maandishi ya mita 200 hayana dhamana tena mpaka saa ipimwe upya kwa mashine ya shinikizo.

Mishale ndiyo yenye mtego mkubwa. Matundu ya mishale ya 7S26 ni milimita 1.50 kwa saa, 0.90 kwa dakika na 0.20 kwa sekunde. Ya mashine ya Uswisi ETA 2824-2 ni 1.50, 0.90 na 0.25. Mbili zinalingana, ya tatu imepishana kwa milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Mshale huo wa sekunde ukiutia kwenye Seiko utacheza, kisha utadondoka. Muuzaji anayesema seti yake "inaingia saa zote" hajui anachouza, au anajua.

Sasa igeuze saa usome mgongo. Herufi na tarakimu nne za kwanza za namba ya modeli hutaja mashine. Ukikuta 7009 nyuma na "21 Jewels" usoni, kuna kilichobadilishwa, kwa kuwa 7009 ina vito 17. Katika namba ya utengenezaji, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Namba inayoanza na 43 ni Machi ya mwaka unaoishia na 4. Kama mashine ni 7S26, iliyotoka 1996, basi ni 2004 au 2014. Anayekuuzia kama ya 1994 anakudanganya.

Jaribu pia kuitia ufunguo kwa mkono. 7S26 haikubali. Ikikubali, huenda ndani mna NH36 yenye vito 24, mashine ya kundi la Seiko inayouzwa kwa watengenezaji wengine, ambayo rejareja mtandaoni hupatikana kwa dola 40 hadi 50 hivi. Ni mashine nzuri, na mimi ningeikubali bila kinyongo, mradi nimeambiwa na bei imeshushwa.

Ukipeleka Seiko 5 ya zamani kwa fundi, mwambie akurudishie kila alichokitoa, hasa uso uliofifia. Modeli nyingi zimeshaachwa kutengenezwa, na uso orijino, hata wenye madoa, mkusanyaji wa saa huulipia zaidi ya ule mpya uliochapwa jana.